Lisbon kwa mapumziko mafupi: tulifuata dhahabu ya Kilwa

Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon, Ureno, kuna monstransi ya dhahabu. Monstransi ni chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu. Hii ilitengenezwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel I, ikakamilika mwaka 1506, na maandishi yanayozunguka kitako chake yanasema wazi dhahabu ilitoka wapi: ni ya kodi ya Kilwa. Kilwa hii hii ya kwetu, Kilwa Kisiwani mkoani Lindi, ambako ukivuka kwa mashua kutoka Masoko kitu cha kwanza kukupokea ufukweni ni Gereza.

Watu wa kwetu wakipata nafasi ya kwenda Ulaya kwa siku chache, miji inayotajwa kwanza ni London, Paris na Roma. Ni miji mizuri, sina neno nayo. Ila mimi mama yangu ni mtu wa Kilwa Kivinje. Utotoni tulipelekwa huko likizo, tukavushwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, na wakubwa wakatueleza kuwa dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, ilipitia hapa. Hakuna aliyetuambia ilikwenda kuishia wapi. Nilipokuja kuisoma habari ya monstransi ukubwani, nilikata shauri: nikipata nauli na likizo kwa wakati mmoja, mji wangu ni Lisbon, na ratiba yote itajengwa juu ya chombo hicho.

Na hilo ndilo ninalotaka kukushawishi nawe ulifikirie kabla hujakata tiketi, iwe unakwenda Lisbon au kwingine. Mji wa kale hauonekani kwa siku tatu. Lisbon ilikuwa bandari ya Warumi, Waislamu wakaishikilia kwa zaidi ya miaka 400, wafalme wa Kikristo wakaitwaa mwaka 1147, tetemeko likaibomoa mwaka 1755, wakaijenga tena. Ukienda na orodha ya mambo ya lazima uliyoikuta mtandaoni, siku zako zitaishia kwenye foleni, na utarudi na picha zile zile ambazo kila mtu anazo. Chagua swali moja linalokuuma, lifuate mtaa kwa mtaa. Mengine yote utakutana nayo njiani.

Mwenzangu wa safari alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anaishi Brussels. Yeye ni Mkatoliki wa Moshi, mimi Mwislamu wa pwani, na tumepatana tangu siku aliyoletwa nyumbani kutambulishwa. Aliponitumia orodha yake kwenye WhatsApp ilikuwa ndefu: tramu namba 28, kasri za Sintra, ufukwe wa Cascais, jumba la samaki, sanamu ya Kristo Mfalme ng'ambo ya mto, muziki wa fado, na soko la vitu vya mitumba.

"Wifi, haya yote kwa siku tatu?" nikamwandikia.

"Kwani wewe wifi unataka nini?"

Nikamtumia picha ya monstransi. Alikaa kimya kidogo, kisha akajibu kwa sauti badala ya kuandika: "Basi Sintra tuiache. Sintra peke yake inakula siku nzima."

Tulikata hivyo hivyo, kimoja kimoja. Kilichotusaidia zaidi ni kufungua ramani kabla ya kufungua orodha. Lisbon imejipanga kando ya mto Tejo, mpana kiasi kwamba mgeni hudhani ni bahari. Upande wa magharibi kabisa, kama kilomita 6 kutoka katikati ya mji, kuna Belém, mahali merikebu zilipokuwa zikiagwa. Katikati kuna Baixa, bonde tambarare lililojengwa upya baada ya tetemeko, na mashariki yake kilima cha ngome na vichochoro vya Alfama. Makumbusho ya monstransi yako Mtaa wa Janelas Verdes, njiani kati ya Belém na Baixa. Kwa hiyo siku ya kwanza ikawa ya magharibi, ya pili ya katikati, ya tatu ya vilimani. Hatukuvuka mji mara mbili kwa siku moja, na miguu ilitushukuru.

Upande wa makaratasi nitapita haraka. Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari inatakiwa iweze kulipia matibabu hadi angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yasichelewe kupita siku 15. Usisubiri hizo siku 15. Wifi, kwa kuwa ana kibali cha kuishi Ubelgiji, hakuhitaji viza. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hakuna. Utabadilisha Istanbul, Dubai, Amsterdam au kwingineko. Hoteli za Lisbon hutoza kodi ya utalii ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, tofauti na bei ya chumba, kwa hiyo iweke kwenye hesabu zako mapema. Na chagua malazi karibu na kituo cha metro. Laini nyekundu inatoka uwanja wa ndege mpaka mjini. Alfama inapendeza kwenye picha, lakini njia zake ni ngazi, na kulala huko maana yake ni kupandisha sanduku ngazi hizo kwa mikono.

Jambo moja linawaponza wageni wengi: Jumatatu. Makumbusho, Monasteri ya Jerónimos na Mnara wa Belém hufungwa siku hiyo. Kama likizo yako inaangukia Jumatatu, ifanye siku ya kufika au ya kutembea mitaani. Tena majengo haya ni ya kale na hufungwa kwa matengenezo kwa miezi mizima, kwa hiyo tazama tovuti ya kila mahali kabla ya kulipia ndege. Kama chombo unachokifuata kimefungiwa, badilisha tarehe, sio shabaha.

Belém tulikwenda asubuhi na mapema kwa tramu namba 15, na hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo historia yetu ilipofungiwa safari. Tarehe 8 Julai 1497 Vasco da Gama aling'oa nanga ufukwe huu. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako hakupokewa vizuri, kisha Malindi, ambako mfalme alimpa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Nguzo yake bado imesimama Malindi. Faida iliyotokana na njia hiyo ndiyo iliyojenga Monasteri ya Jerónimos: asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki ilitengwa kwa ujenzi huo, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1500.

Kanisa lenyewe huingiwa bila kiingilio. Ua wa ndani ndio wenye tiketi na foleni ndefu. Ukipita mlangoni, mkono wa kushoto, kuna kaburi la Vasco da Gama, amelazwa kwa sanamu ya mawe, mikono imekutanishwa kama anaomba, na ubavuni mwa kaburi imechongwa merikebu. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa kanisani hapa mwaka 1880. Mkabala naye amezikwa mshairi mkuu wa Wareno. Watu walikuwa wakipiga picha wanaondoka. Mimi nilisimama nikiitazama ile merikebu ya jiwe, matanga yamejaa upepo, nikamfikiria Amiri Ibrahim wa Kilwa.

Kwa maana mtu huyu hakufika pwani yetu mara moja. Mwaka 1502 alirudi na kundi kubwa la merikebu zenye mizinga, akatia nanga mbele ya Kilwa, akamlazimisha Amiri Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya kila mwaka. Malipo yaliyochukuliwa wakati ule yanatajwa kuwa mithkali 1,500 za dhahabu. Mithkali ni kama gramu 4 na robo, kwa hiyo piga hesabu, ni zaidi ya kilo 6. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida alikuja na jeshi, akaiteka Kilwa, akajenga boma, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Boma la Kilwa Wareno hawakukaa nalo sana, mwaka 1512 walishaondoka. Lakini biashara iliyokuwa imeulisha mji ule kwa karne nyingi haikurudi tena ilivyokuwa.

Sasa hebu nisimame kidogo hapa. Nimesikia watu wakisema, Wareno walikuja, wakaondoka, yamepita. Ukisimama ndani ya Jerónimos, chini ya zile nguzo zilizochongwa kama kamba za merikebu na matawi ya miti, huwezi kusema yamepita. Yako pale, yamesimama, yanalindwa, na UNESCO imeyaandika kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1983. Kilwa Kisiwani nayo iko kwenye orodha hiyo hiyo tangu 1981. Ni haki mtu wa pande hizi aje aone upande wa pili wa hesabu.

Mnara wa Belém tuliutazama kwa nje tu, tukatafuta kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda kimoja cha mlinzi, kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa kutoka India mwaka 1515. Mnara wa Wavumbuzi, ule mkubwa mweupe wa mwaka 1960 wenye umbo la merikebu, tuliupita. Ni kazi ya utawala wa kidikteta wa Salazar wa kujisifia himaya. Ila uwanja wa mbele yake una ramani ya dunia iliyopangwa kwa mawe ya rangi, zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi, na watoto walikuwa wakiruka kutoka bara hadi bara. Tukanunua vikeki vya mayai pale Pastéis de Belém, wanaovioka tangu 1837. Vinaliwa vya moto, na mdalasini juu. Wifi alikula na vyangu.

Mchana ndipo tulipokwenda Janelas Verdes.

Monstransi iko ndani ya kabati la kioo, peke yake. Nilikuwa nimeitazama kwenye picha mara nyingi mno, nikadhani naijua. Picha hazionyeshi udogo wa kazi. Kimo chake kama sentimita 70 na kitu, lakini ndani ya kimo hicho kuna mji mzima: katikati kuna bomba la kioo la kuwekea Hostia, yaani mkate wa Ekaristi, na kulizunguka mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na nguo ya rangi yake, kila mmoja na sura yake, mwingine ana ndevu, mwingine hana. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe wa enameli. Juu zaidi, chini ya kuba la vinara vyembamba kama sindano, ameketi Mungu Baba. Shinani kuna matufe sita ya mizunguko ya nyota, alama ya Mfalme Manuel, aliyejihesabu mwenye bahari zote. Kitako kimejaa maua, ndege na konokono, na ukizunguka nacho, macho yakiwa karibu na kioo, unayakuta maandishi. Sisomi Kireno, ila neno moja nililisoma bila msaada: Quiloa.

Nililiona, nikalirudia. Yule aliyeagiza hakuficha. Alitaka ijulikane milele kwamba mji wa mbali umenyenyekea na dhahabu yake imetolewa kwa Mungu. Kwake yeye ilikuwa sifa.

Wifi alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo. Alipiga ishara ya msalaba taratibu, halafu akaja nilipo.

"Wifi," akasema, "mimi kitu hiki nakijua kazi yake tangu nina miaka saba. Mara nyingi nimepiga magoti mbele ya mfano wake. Sijawahi hata siku moja kujiuliza dhahabu hutoka wapi."

"Na mimi nilijua inakotoka tu. Sikujua ni nzuri kiasi hiki."

Tulikaa pale muda mrefu. Sikulia, ingawa nilitegemea ningelia. Nilichokihisi kilikuwa karibu zaidi na kile unachohisi unapomkuta ndugu ambaye alichukuliwa mdogo, amekulia kwa watu wengine, amependeza, anasema lugha nyingine. Sijui kama irudishwe. Kuna wanaosema dhahabu yenyewe ilichimbwa bara, huko Zimbabwe, na Kilwa ilikuwa ikiifanyia biashara tu; kuna wanaosema ufundi ni wa Ureno. Yote kweli. Lakini ninaloliona ni haki ya chini kabisa ni kwamba mtoto wa shule wa Kilwa Masoko aoneshwe picha ya chombo hiki, asomewe yale maandishi, ajue. Kwenye bustani ya makumbusho, inayotazama mto na bandari, wifi alisema tungeweza kuanza kwa kuchapisha picha kubwa na kuipeleka shuleni Kivinje. Tumeanza kulishughulikia.

Makumbusho hayo yana mengi zaidi, yakiwemo mapazia magumu ya kukunja ya Kijapani, yaliyochorwa picha zinazoonyesha merikebu za Wareno zikifika na mabaharia weusi ndani yake. Yape nusu siku, usiyape saa moja.

Siku ya pili ilikuwa ya Baixa, na hapa tetemeko ndilo mwenyeji. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi makanisa yamejaa, ardhi ilitikisika, mto ukarudi nyuma kisha ukaja juu ya mji kama ukuta, na moto ukawaka siku kadhaa. Kasri la kifalme lililokuwa kando ya maji liliangamia pamoja na nyaraka za Nyumba ya India, ofisi iliyoendesha biashara yote ya Afrika Mashariki na Bara Hindi. Ni rahisi kupita uwanja wa Praça do Comércio ukaona ni mahali pa kupiga picha tu, kumbe chini ya miguu yako ndipo hesabu za dhahabu ya pwani zilipokuwa zikiandikwa. Mitaa iliyonyooka unayoiona leo ni kazi ya Marquês de Pombal, waziri aliyejenga upya kwa fremu za mbao ndani ya kuta ili nyumba ziyumbe zisianguke.

Kutoka hapo panda hadi Largo de São Domingos. Kwangu mimi ndio uwanja wenye uhai kuliko yote Lisbon. Waafrika hukutana hapo, wengi wa Guinea-Bissau, wazee wakiwa na kanzu na kofia, akina mama wameketi na karanga na bidhaa za kwao. Tulipita tukasema "Salaam aleikum" na tukaitikiwa na watu watano kwa pamoja. Wifi na Kifaransa chake akapata mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa Msenegali, akatuelekeza pa kula. Watu weusi hapa si wageni wa jana. Tangu karne ya 15 walikuwepo kwa maelfu, wengi wao watumwa, na katika kanisa hili la São Domingos ndipo walipokuwa na chama chao cha kidini, cha Bibi Yetu wa Rozari.

Ingia ndani ya kanisa hilo. Liliungua mwaka 1959, na walipolifungua tena hawakuficha makovu: nguzo zimemeguka, mawe yamepasuka kwa moto, na dari limepakwa rangi nyekundu ya udongo. Nje kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa, ambao waliuawa kwa wingi na makundi ya watu Aprili 1506, mauaji yaliyoanzia hapa hapa. Tazama mwaka. Ni mwaka ule ule Gil Vicente alipomaliza monstransi. Sikuwa nimeyaunganisha hayo mawili mpaka niliposimama mbele ya jiwe lile.

Mahali pengine ambapo ratiba za kawaida hazikupeleki ni Rua do Poço dos Negros, upande wa kurudi magharibi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, huyo huyo, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zikiachwa wazi na mji ulikuwa unanuka. Leo ni mtaa wa mikahawa, na tramu 28 inapita karibu. Hakuna kikubwa cha kuona. Tulisimama, nikasoma Fatiha, wifi akasali kwa namna yake, tukaondoka.

Chakula: ukiwa huli nguruwe, jua neno porco, na ulizia banha, mafuta ya nguruwe, kwenye vitafunwa. Supu ya kijani ya mboga, ambayo utadhani ni salama, huwekwa soseji. Samaki hawakuangushi, wa kuchoma wala wa chumvi. Mitaa ya Mouraria, hasa Rua do Benformoso, ina mikahawa ya halali ya Wabangladeshi, na Mouraria yenyewe ndiyo mtaa walioachiwa Waislamu baada ya mji kutekwa 1147. Kwenye vioo vya mikahawa utaona sambusa. Zimeletwa na watu wa Goa na Msumbiji. Mkate na zeituni vinavyowekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa, kwa hiyo kama huvitaki sema mapema, hawakasiriki. Swala ya Ijumaa ipo Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1985, na waumini wengi walioujenga walitoka Msumbiji.

Alfama na ngome ya São Jorge nitazitaja tu. Ni nzuri, zimejaa watu. Panda mapema, vaa viatu vyenye soli ya mpira kwa sababu yale mawe madogo meupe ya njiani yanateleza hata pakiwa pakavu, na simu isikae mfuko wa nyuma, hasa ndani ya tramu 28. Kwenye baraza ya Santa Luzia, kabla hujaitazama mandhari ya mto, geuka uone ukutani picha ya vigae inayoonyesha uwanja wa kasri ulivyokuwa kabla ya tetemeko. Sisi tulikaa mbele ya ile picha kuliko mbele ya mandhari.

Tukamalizia Largo do Carmo, na hapa mkoa wa Lindi ulitusubiri kwa mara ya pili. Ni kiwanja kidogo chenye miti, pembeni yake kanisa la Carmo lisilo na paa, lililoachwa lilivyo tangu 1755. Watalii huja kwa ajili ya hilo gofu. Lakini kambi ya jeshi iliyo ubavuni mwake ndiko alikojificha Waziri Mkuu Marcelo Caetano tarehe 25 Aprili 1974, Kapteni Salgueiro Maia akamzunguka na magari ya kivita, umati ukajaa kiwanjani, na jioni utawala wa kidikteta uliodumu karibu nusu karne ukasalimu amri. Askari wale walikuwa wamechoshwa na vita vya makoloni, Angola, Guinea na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji viliandaliwa kwetu. Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa, kisha Nachingwea. Kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo, na bado anasimulia jinsi habari zilivyosambaa mjini.

Nachingwea iko mkoa mmoja na Kilwa. Nilimwambia wifi hivyo, naye akasema tumpigie baba simu ya picha kutoka hapo hapo. Baba alituambia tugeuze simu aione kambi, kisha tumwonyeshe mlango, kisha miti. Akauliza kama kuna bamba lolote chini. Lipo, la kumkumbuka Salgueiro Maia, tukamsogezea. "Na Mondlane?" akauliza. Hatukuwa na la kumwonyesha.

Karibu na Kanisa Kuu kuna makumbusho ya Aljube, gereza la zamani la wafungwa wa kisiasa, na wameweka sehemu inayoeleza mapambano ya uhuru wa makoloni. Kama una mzee wa umri wa baba yangu, huko ndiko pa kumpeleka.

Safari ya pili nimeshaanza kuipanga, na wifi amekubali Sintra isubiri tena. Nyaraka za taifa za Ureno, zinazoitwa Torre do Tombo, zilikuwa zikihifadhiwa kwenye mnara wa ngome ya São Jorge. Mnara ulianguka mwaka 1755, nyaraka zikaokolewa kwenye kifusi. Leo ziko kwenye jengo kubwa la mtaa wa chuo kikuu, na miongoni mwake kuna barua za Kiarabu za karne ya 16 ambazo watawala wa pwani yetu, akiwemo mfalme wa Malindi, waliwaandikia wafalme wa Ureno. Binamu yangu wa Mombasa anasoma vizuri maandishi ya Kiarabu ya zamani. Nimemwomba aanze kufuatilia pasipoti yake, na mimi naulizia namna ya kupata kadi ya msomaji.